Kambi ya farasi msituni Montana: nyasi kwanza, hema baadaye

Hesabu ya kambi ya farasi huanzia tumboni mwa farasi. Mnyama wa kilo 450 anahitaji takriban kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 45 kwa siku 5. Nyumbu wa mizigo (chotara wa punda dume na farasi jike) hubeba bila taabu kilo 65 hivi. Chukua msafara wa kawaida: watu 4 juu ya farasi 4, na wanyama 2 wa kubeba mahema, sufuria na vyakula. Ukitaka kuwalisha hao 6 kwa siku hizo 5 kwa nyasi kavu mlizobeba wenyewe, itabidi muongeze nyumbu, na nyumbu nao wanakula. Ukiipiga hesabu mpaka mwisho unafika nyumbu 14 ambao hawana kazi nyingine ila kubeba majani. Hakuna anayesafiri hivyo. Kwa hiyo safari nzima, njia ya kupita, mwezi wa kwenda na mahali pa kulala, inapangwa na nyasi zilizoota zenyewe.

Ninayoyaandika hapa ni ya Bob Marshall Wilderness, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani: zaidi ya hekta 400,000 za milima, misonobari na mito, bila barabara hata moja ndani yake. Ukijumlisha na mapori mawili yanayopakana nalo, Great Bear na Scapegoat, unapata zaidi ya hekta 600,000. Sheria ya mapori ya mwaka 1964 inakataza chombo chochote cha injini humo, na baiskeli pia. Hata miti inayoangukia njia hukatwa kwa msumeno wa mkono wa watu wawili. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, hasa chama cha Back Country Horsemen kilichoanzia huko huko, bonde la Flathead, mwaka 1973. Usitarajie bomba, choo, hori, zizi wala mtandao wa simu. Msafara mmoja hauruhusiwi kuzidi watu 15 na wanyama 35, ingawa kwa maoni yangu wanyama 10 tayari ni wengi mno kwa malisho mengi ya huko.

Msimu ni mfupi. Theluji hukaa kwenye vipito vya juu hadi Julai ikianza, na Juni mito imefura kiasi cha kumfika farasi tumboni. Agosti ni kavu, na mara nyingi moto wa kuni hupigwa marufuku, kwa hiyo jiko la gesi ni lazima liwemo. Katikati ya Septemba wawindaji wa bunduki huanza kuingia. Msimu huo mvalishe kila mnyama kitambaa cha rangi ya chungwa inayong'aa, maana nyumbu wa kahawia ndani ya msitu anafanana sana na mnyama anayewindwa. Mimi ningechagua wiki za mwisho za Julai: nyasi zimepevuka na mito imeshuka. Tatizo lake ni mainzi wanaouma, na kwa hilo kuna barakoa za wavu za kufunika macho ya farasi.

Mazoezi hufanyika nyumbani. Farasi ambaye hajawahi kulala amefungwa kwenye kamba ya juu (iliyovutwa kati ya miti miwili), hajawahi kuvaa pingu za miguu na hajawahi kubeba shogi (chombo cha mizigo kinachoning'inia ubavuni) linalogongagonga, asifundishwe mambo hayo kilomita 30 kutoka barabarani. Mpe usiku kadhaa uani, umzoeze pingu kwenye ardhi laini, umpitishe karibu na turubai linalopigwa na upepo. Mfundishe pia kuvuka maji akifuata mwenzake. Farasi dume asiyehasiwa abaki nyumbani.

Siku 3 au 4 kabla ya kuondoka, anza kumlisha nyasi kavu zenye cheti cha kutokuwa na mbegu za magugu. Katika misitu ya umma ya Montana ni hizo tu zinazokubaliwa, na ziko kwenye maduka ya vyakula vya mifugo zikiwa zimefungwa kwa kamba ya rangi maalumu au kubandikwa lebo. Sababu ya kuanza mapema ni kwamba mbegu hupita tumboni zikiwa hai na hutoka na kinyesi siku kadhaa baadaye. Magugu kadhaa yanayoharibu malisho ya huko yalitoka Ulaya, na kinyesi cha farasi ni njia moja nzuri sana ya kuyafikisha bondeni ambako hayajafika. Zaidi ya nyasi, beba chakula cha vidonge vilivyoshindiliwa, kilo 2 hadi 2.5 kwa kila mnyama kwa siku. Kwa wanyama 6 na siku 5 hiyo ni kilo 75 kwa juu kabisa, mzigo wa nyumbu mmoja na ushee. Havitoshi kumshibisha, na havikukusudiwa kumshibisha. Vinaziba pengo la usiku, na vinamfanya farasi aje unapomwita, jambo ambalo asubuhi ya baridi utalishukuru. Kama mnyama wako amezoea nyasi kavu tu, mpeleke pia kwenye majani mabichi kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili kabla ya safari. Anayetupwa ghafla kwenye malisho mabichi huweza kupata msokoto wa tumbo, au maumivu ya kwato yatakayomlaza chini.

Mizigo nitaipitia haraka. Pima kila shogi kwa mizani ya kuning'iniza. Tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi kilo 1, kwa sababu tofauti ya kilo 3 itaonekana baada ya saa mbili kwa tandiko lililokaa upande, na kesho yake kwa kidonda mgongoni. Vizito vikae chini na karibu na mwili wa mnyama. Kinachogonga kifungwe ndani ya nguo. Juu yake turubai, kisha kamba. Baada ya dakika 20 za kwanza njiani simama ukaze mikanda yote, kwani wanyama hujaza tumbo hewa wanapofungwa.

Sasa kambi yenyewe. Eneo zuri lina mambo manne yasiyokaa pamoja kwa urahisi: maji, malisho, ardhi ngumu na miti hai. Wageni huvutiwa na ukingo wa ziwa au katikati ya uwanda wa nyasi, na hapo ndipo pasipofaa. Uwanda ni sahani ya farasi, tena usiku hukusanya baridi na umande. Kambi iwe ndani ya msitu, pembeni mwa uwanda, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, na kamba ya farasi iwekwe umbali huo huo au zaidi. Kabla ya kushusha mzigo wowote, inua macho. Misitu ile imeungua mara nyingi, na miti iliyokufa husimama kwa miaka kisha huanguka siku isiyo na upepo hata kidogo. Mti mkavu ulioelemea upande wa hema ni sababu tosha ya kupanda tena farasi na kusonga mbele.

Kamba ya juu ndiyo zizi lenu. Tafuta miti miwili hai yenye unene wa sentimita 20 au zaidi, iliyo mbali kwa mita 12 hadi 15, kwenye ardhi ya mawe au iliyokwisha kukanyagwa na waliotangulia. Zungushia kila mti mkanda bapa wenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Kamba ikiviringishwa moja kwa moja kwenye shina husaga gome usiku kucha, na gome likikatwa mzunguko mzima mti hufa. Kati ya mikanda hiyo vuta kamba ya milimita 12, juu ya vichwa vya farasi, mita 2 na zaidi. Ikaze kwa fundo la kukazia lenye kitanzi, uning'inie kwa uzito wako wote, ukaze tena. Itazidi kulegea wanyama wakianza kuivuta, kwa hiyo irudie kabla ya kulala.

Kwenye kamba hiyo funga vitanzi visivyoteleza, au tumia vishikizo vya chuma vinavyouzwa kwa kazi hiyo, vyenye kiungo kinachozunguka ili kamba ya mnyama isijisokote. Bila kitanzi, farasi wawili watateleza hadi wakutane katikati na kufungana kama nyuzi zilizosokotana. Acha mita 2.5 hadi 3 kati ya mnyama na mnyama, na mita 2 kati ya wa mwisho na mti, asije akatafuna gome au kuchimba mizizi kwa kwato.

Urefu wa kamba inayotoka kwenye hatamu ndio wengi hukosea. Pua ya farasi ifike kwenye nyasi zilizowekwa chini, basi. Mshike kichwa, kishushe mpaka ardhini, pima hapo, kisha funga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba ikiwa ndefu kiasi cha kulala chini, usiku mguu wa mbele utapita juu yake. Farasi akiinua kichwa kamba inakaza nyuma ya kifundo, anashtuka, anavuta, na asubuhi unakuta ngozi imeungua hadi nyama. Ikiwa fupi mno, hawezi kushusha kichwa kupumzika wala kula. Kila mtu wa kambi awe na kisu kikali kiunoni, si ndani ya mfuko wa hema, kwa ajili ya siku ambayo fundo halitafunguka.

Panga wanyama kwa urafiki wao. Mpiga mateke akae mwisho wa safu. Jike kiongozi akae mahali ambapo wenzake wote wanamwona. Anayechimba ardhi kwa hasira hutulia akivalishwa pingu hapo hapo kwenye kamba. Kumfunga farasi moja kwa moja kwenye mti kunafaa kwa dakika chache za kupakia mzigo. Akikesha hapo, kufikia alfajiri mizizi iko nje.

Kulala nje namna hii kunawezekana Montana kwa sababu ambayo msomaji wa Kenya au Tanzania ataielewa mara moja: hakuna mbung'o, na hakuna ugonjwa wa farasi wa Afrika. Kwetu virusi vya ugonjwa huo hubebwa na visubi wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, pundamilia hukaa navyo bila kuugua, na farasi asiyechanjwa huweza kufa ndani ya siku chache. Anayetaka kupiga kambi na farasi kwenye miteremko ya Mlima Kenya aanze na daktari wa mifugo na chanjo, kamba baadaye.

Kulisha kuna ratiba yake. Mkifika, vua matandiko, waache wapoe, wanyweshe, kisha wapeleke malishoni kwa saa 2 au 3 mtu akiwatazama. Usiku wako kwenye kamba. Alfajiri, kabla hata ya chai, warudi malishoni kwa saa 2 au 3 nyingine. Kuna njia tatu za kuwazuia. Pingu za miguu ya mbele ni nyepesi, lakini usidhani zinamzuia kabisa: farasi aliyezizoea hurukaruka kwa kasi ya kukuchosha. Kigingi cha chuma na kamba ya mita 9 hadi 12 iliyofungwa mguu mmoja wa mbele humzuia vizuri zaidi, ila humaliza duara lake upesi na lazima kihamishwe. Uzio wa utepe wa umeme wenye mashine ndogo ya betri ni mwepesi na hauchakazi nyasi, kwa sharti kwamba farasi wameshaujua nyumbani. Asiyeujua hupita katikati yake kama haupo.

Kanuni isiyovunjwa ni kutowaachia wote kwa pamoja. Wafungue nusu, nusu ibaki kwenye kamba, na jike kiongozi awe miongoni mwa waliofungwa. Farasi hawamwachi kiongozi wao. Wakiachiwa wote, mmoja atakumbuka lilipo gari, wengine watamfuata, nanyi mtatembea kwa miguu. Mfunge kengele shingoni mmoja wa wanaolisha. Sauti ikianza kufifia, amka. Na hata malisho yakiwa mengi, hamisha wanyama nyasi zikifika nusu ya urefu wake. Zilizong'olewa mpaka kwenye mizizi huko juu hazirudi mwaka ule, maana msimu wa kuota ni wa wiki chache tu.

Maji ni lita 20 hadi 45 kwa mnyama mmoja kwa siku, zaidi kama kuna joto. Wapeleke kunywa chini ya mkondo kutoka pale mnapochota ya kwenu, mahali penye changarawe ambapo ukingo hautaporomoka. Kama ukingo ni tope, chota kwa ndoo ya turubai. Wengine hukataa maji ya mto siku ya kwanza. Chumvi kidogo kwenye chakula cha vidonge huwarudishia kiu.

Kisha kuna dubu. Bob Marshall ni nchi ya dubu aina ya grizzly, na kanuni za kuhifadhi chakula ni za kisheria: kuanzia masika hadi mwanzo wa Desemba, kila chenye harufu kining'inizwe angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina la mti, au kifungwe ndani ya sanduku lililoidhinishwa. Mashogi ya alumini yaliyopitishwa kwa kazi hiyo yanauzwa, na ingawa ni ghali, yanakupunguzia kazi ya kamba na kapi kila jioni. Chakula cha vidonge cha farasi kinahesabiwa kuwa chakula cha dubu; nyasi kavu tupu hazihesabiwi. Dawa ya meno, sabuni na takataka vinahesabiwa. Pika na hifadhi mita 90 kutoka kwenye mahema. Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuza dubu likae kwenye mkanda wako, si kwenye tandiko, kwa kuwa farasi akikutupa akakimbia atakimbia nalo. Usilipulizie kwenye hema kama dawa ya mbu; harufu iliyokauka huvuta dubu badala ya kumfukuza.

Matandiko yenye jasho nayo yaning'inizwe. Kulungu na nungu hupenda chumvi, na hatamu ya ngozi iliyoachwa kwenye gogo huweza kuamka vipande vitatu. Usiku farasi ndio walinzi wenu: wote wakigeuza masikio upande mmoja na kukoroma puani, toka na tochi kutazama.

Kila jioni pitisha mkono mgongoni, chini ya mkanda wa tumbo na kwenye miguu yote minne, ukisikiliza joto na uvimbe. Nywele zilizosimama au doa kavu katikati ya jasho ni dalili ya tandiko linalobana, na dawa yake ni kubadilisha mzigo kesho, kabla ngozi haijafunguka. Kiatu kikitoka, kinachookoa siku ni kiatu cha mpira cha kuvalisha kwato, hivyo beba kimoja kilichopimwa kwa mnyama mwenye kwato kubwa kuliko wote, pamoja na tupa, koleo na misumari. Jifunze mapigo ya moyo ya farasi aliyepumzika, 28 hadi 44 kwa dakika, na joto la mwili, nyuzi 37.5 hadi 38.5. Anayegeuka kutazama ubavu wake, anayetaka kujibwaga na kubiringika, ambaye hajatoa kinyesi tangu asubuhi na mapigo yamepita 60, ana msokoto wa tumbo ulio mbaya. Mwondolee chakula, mtembeze polepole, mpe dawa ya maumivu uliyoandikiwa na daktari wa mifugo kabla ya safari, kwa kipimo alichokuandikia na kwa njia aliyokuonyesha. Kisha tuma ujumbe kwa kifaa cha setilaiti. Farasi mkubwa hawezi kubebwa kutoka humo; uamuzi wa kugeuza njia ufanywe angali anaweza kutembea.

Kuvunja kambi huchukua saa 2 zaidi ya wageni wanavyodhani. Kinyesi kitawanywe kwa tawi au reki nyepesi, kikauke na kisikusanye mainzi. Mashimo ya kwato yafukiwe na kukanyagwa, nyasi kavu zilizobaki, kama mlibeba kidogo, zisambazwe, mikanda ya miti itolewe yote. Mkifika kwenye gari, msifagie kinyesi cha trela hapo kwenye maegesho. Zoeni kwenye mifuko mwende nacho nyumbani, kwa sababu cha siku ya kwanza huenda bado kina mbegu.